Mbinja za Mzee Kyule

Kwa miaka tisa hakuna aliyemfunga Mzee Kyule drafti pale Ziwani, na tusidanganyane, alikuwa anaudhi. Ubao aliuchonga mwenyewe, kete zilikuwa vifuniko vya soda. Bingwa alicheza na vifuniko vilivyotazama juu, mpinzani na vilivyofudikizwa. Aliyefungwa ndiye aliyempangia mshindi kete upya kabla ya kuondoka kwenye benchi, na wenzake walipokuwa wakipanga, Kyule alipiga mbinja huku akitazama mawingu.

Jumamosi hiyo alikuwa akicheza na Nasike, kibarua wa kiwandani kutoka Kware, msichana asiye na maneno mengi. Watu walijaa. Zamu ilikuwa ya Kyule, na aliona jambo ambalo wengine walikuwa bado hawajaliona. Akicheza huku, analiwa mbili. Akicheza kule, analiwa tatu. Jasho lilimtoka. Aliogopa, aliogopa kweli, maana mkewe alishakufa, macho yalishamnyima kazi ya kuchonga, na mtaani hakubakiwa na jina lingine ila Bingwa.

Mara mkokoteni wa maji ukakata kona vibaya, ukagonga meza. Kete zote zikamwagika chini.

"Gemu imeharibika," akasema Mulama, ambaye alishafungwa hapo mara zisizohesabika. "Tuseme ni droo."

"Si mzee anakumbuka?" Nasike akasema. "Panga tu, mzee. Mi nakuamini."

Kyule akaanza kupanga. Kulikuwa na kete yake moja ya pembeni. Ingesogea nyumba moja tu, angeponyoka, na nani angejua? Aliishika muda mrefu mpaka Mulama akakohoa. Akaiweka palepale ilipokuwa, pale pa kummaliza.

Kisha akacheza, kwa kuwa ilikuwa zamu yake. Nasike akala mbili. Baada ya hapo haikuchukua muda, Kyule akabaki bila kete hata moja.

Mulama alikuwa ameshakunja midomo, mbinja imemjaa kinywani, lakini alipomwona mzee akisimama, aliimeza.

"Nimefungwa," Kyule akasema. Akampa Nasike mkono. "Umecheza vizuri, binti yangu."

Akaketi tena, akapanga. Kwa mazoea, vifuniko vilivyotazama juu akaviweka upande wake. Mtu mmoja akacheka. Kyule akasita, akaviangalia, halafu akaushika ubao kwa mikono miwili na kuugeuza polepole, kete zote zikiwa juu yake, mpaka vile vya bingwa vikafika mbele ya Nasike.

"Sasa piga mbinja," akamwambia. "Ndiyo kawaida ya hapa."

"Sijui kupiga, mzee."

Macho yalimwuma Kyule. Akatazama mawingu, akakunja midomo, akampigia yeye.