Gia Nne za Nyuma

Spana alikuwa amelala chali juu ya kipande cha boksi, akikaza nati za mwisho za ekseli ya trekta, mkewe alipomgusa mguu kwa ncha ya kandambili.

"Toka huko chini. Una mgeni."

"Mwambie fundi hayupo."

"Miguu yako inaonekana, baba. Nitamdanganyaje?"

Akajivuta nje, oili imempaka mpaka masikioni. Langoni alikuwa amesimama afisa wa manispaa, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Marufuku, ila mbele yake waliishia kwenye "afisa" tu. Mkononi alishika ilani, ndugu ya ile aliyoileta wiki iliyopita.

"Bado mashine iko hapa," alisema Bwana Marufuku.

"Leo inatoka, afisa. Nimemaliza."

"Karatasi iko wazi. Mashine mbovu haikai kwenye makazi ya watu. Ikitembea yenyewe ikatoka, sina neno nayo. Isipotembea ni chuma chakavu, na lori linakuja kuibeba mchana." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Au tuelewane sasa hivi, kila mtu aendelee na shughuli zake."

Spana alitazama viganja vyake vyeusi. Senti ya mwisho ilikuwa imeishia kwenye beringi, ambazo bei yake ilipanda kati ya jioni aliyoulizia na asubuhi aliyokwenda kununua. Hata angekuwa na pesa, roho ingemuuma kuzitoa.

"Sina, afisa."

"Basi lori linakuja."

Afisa alipoondoka, mkewe Spana hakupoteza muda. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kuchomelea, akashika upande mmoja, akamwita mpangaji wa chumba cha pili, ambaye ua mzima ulimwita shemeji, ashike upande wa pili. Waliibeba hadi uvunguni mwa kitanda cha shemeji, wakaifunika shuka. Hakuna aliyewafundisha. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa imechukuliwa na lori hilohilo, ikakaa kwenye yadi ya manispaa msimu mzima, na iliporudi haikuwa na mota.

Wala si kwamba Spana alipenda kufanyia kazi nyuma ya nyumba ya kupanga, mita chache kutoka jiko la mkewe. Mafundi walitengewa eneo lao kweli, wakapiga foleni, wakajiandikisha. Kisha eneo likazungushiwa ukuta, na sasa mheshimiwa mmoja analaza humo mabasi yake. Ukiuliza unaambiwa subiri. Mafundi walirudi majumbani na jeki zao, na manispaa ikawafuata hukohuko na ilani.

Trekta lenyewe lilikuwa la Mama Ekari, mkulima wa ng'ambo ya daraja, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Alitaka magurudumu ya nyuma yasogezwe yakaribiane, lipite katikati ya mistari ya mahindi bila kuyakanyaga. Kazi ya kukata na kuunga ekseli, kufungua difu, lile fungu la meno linalozungusha ekseli, na kuirudisha. Spana aliifanya kwa mapenzi yote. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kila jioni na shamba la Mama Ekari halijaguswa jembe. Trekta likibebwa leo, msimu wake umekwenda, na hakuna mkulima atakayemkabidhi Spana hata toroli.

Jua lilikuwa limepanda Mama Ekari alipoingia uani na dumu la dizeli.

"Liko tayari?"

"Tayari kabisa, mama."

Wakajaza tangi. Spana akapanda, akabonyeza klachi, akawasha. Injini ilikohoa, ikatema moshi, ikashika. Akajisikia mtu. Trekta liliingizwa kwa pua, likitazama ukuta wa jiko, kwa hiyo lilipaswa kutoka kinyumenyume hadi kichochoroni. Akatia gia ya nyuma, akaachia klachi.

Trekta likaenda mbele. Likaubusu ukuta wa jiko, na ndani sufuria ikaanguka.

"Baba!" mkewe alipiga kelele. "Hilo ni jiko!"

"Nimekosea gia," alisema Spana, ingawa alijua hakukosea. Akatia namba moja, taratibu. Trekta likarudi nyuma.

Akazima injini. Alibaki amekaa pale juu. Alikumbuka siku aliyorudisha difu. Ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo wa winchi, imebaki kuishusha tu, mwenye nyumba alipoingia akifoka kwamba kodi imepanda kuanzia mwezi ujao. Spana akageuka kubishana naye, mkono mmoja hewani. Wakabishana weee. Huku nyuma mnyororo ukajizungusha taratibu, difu ikageukia upande mwingine, naye aliporudi kazini na hasira zake akaishusha vilevile alivyoikuta. Gurudumu kubwa lenye meno limekaa upande usio wake. Sasa kila gia ya mbele ni ya nyuma, na ya nyuma ndiyo ya mbele.

Akashuka, akamweleza Mama Ekari yote bila kupunguza. Uso ulimwaka moto kwa aibu.

"Kwa hiyo trekta langu linatembea kinyumenyume," alisema Mama Ekari.

"Ndiyo, mama."

"Kulirekebisha?"

"Siku nzima. Lazima niifungue difu tena."

Mkewe alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Umelivalisha suruali mbele nyuma!"

"Usinicheke, mama. Lori linakuja."

"Lije. Kwani wewe hapa ulitaka liende wapi? Mbele kuna jiko langu."

Spana aligeukia langoni. Akakitazama kichochoro kinavyopanda hadi barabarani. Gia ya nyuma ya trekta lile ilikuwa imelika meno zamani. Ikipewa mzigo inaruka. Mpango wake ulikuwa majirani wasukume, lakini siku ya kazi majirani walikuwa wapi? Kwa gia ile asingeupanda mlima huo hata kwa dua. Sasa alikuwa na gia nne za kurudi nyuma, zote nzima.

"Mama Ekari, panda hapo pembeni," alisema.

Akatia namba mbili. Trekta likatoka uani likitanguliza makalio, likaingia kichochoroni, matairi yakipita shibiri moja tu kutoka kuta za watu. Kama asingeyasogeza yale magurudumu, lingezikwangua kuta kama lilivyofanya siku ya kuingia. Shingo ya Spana imegeuka mpaka inauma, na mkewe anatangulia akipunga mikono.

"Kushoto! Kushoto kwako, si kwangu! Angalia kamba ya nguo ya watu!"

Mlimani akarudi namba moja, na trekta likapanda bila kuruka hata mara moja. Pale juu, mdomoni mwa kichochoro, lori la manispaa lilikuwa ndio linafika. Bwana Marufuku akaruka chini, mkono juu.

"Simama! Hilo linarudi nyuma!"

"Linatoka, afisa," alisema Spana.

"Nilisema litembee."

"Na hili linafanya nini?"

"Hakuna trekta linalotembea hivyo!"

Mama Ekari aliinama kutoka pale alipokuwa amejishikiza. "Soma karatasi yako, mwanangu. Imesema litembee lenyewe. Imesema liwe linatazama wapi?"

Watu walishaanza kujaa. Mtu akacheka, kisha wengine. Bwana Marufuku aliifungua ilani, akaisoma tangu juu, midomo ikichezacheza, akaisoma tena. Dereva wa lori mwenyewe aligeuza uso asionekane anacheka. Mwishowe afisa akasogea kando, na Spana akapita na makalio ya trekta mbele, kama mtu anayewaaga wakubwa kinyumenyume.

Walikwenda hivyohivyo mpaka daraja, ambako manispaa inaishia, na watu wa baiskeli wakiwapigia miluzi. Shambani Spana alizima injini, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi. Mzigo wote aliokuwa nao tangu asubuhi ulimwondoka.

"Kesho unalifungua hapahapa kwenye banda langu," alisema Mama Ekari. "Mimi nalima kwenda mbele. Na difu ikiwa hewani, usibishane na mtu."

"Hata na malaika, mama."

Alirudi kwa miguu, njaa inamuuma, moyo mweupe. Mkewe alikuwa amesimama uani na beseni la nguo mbele yake. Hakuwa amekaa, kwa sababu hakukuwa na pa kukaa. Kile kiti cha trekta la zamani ambacho Spana alimtengenezea kwa miguu mitatu, naye akikikalia kila siku anapofua, hakikuwepo.

"Wamekibeba," alisema. "Bwana Marufuku anasema lori haliwezi kurudi tupu. Ataulizwa dizeli imekwenda wapi."

"Kile kiti?"

"Ameandika 'mashine mbovu, moja'. Wakakinyanyua wanaume wawili."

Spana alitaka kucheka tena lakini hasira ilimpanda. Alizunguka ua mara moja. Kisha akaenda kwa shemeji, akapiga magoti, akaivuta ile mashine kutoka uvunguni. Akaokota sahani kuukuu ya jembe la trekta na vipande vya bomba, akachomeka waya.

"Ni marufuku," alisema mkewe.

"Najua."

Mkewe alilisukuma beseni la nguo mbali na cheche. "Basi kitengeneze kikubwa kidogo. Tukae wawili."