Mtoto Hafungwi

Asubuhi hiyo Deodata alimkaangia mwanawe mayai mawili, na Elick akajua kuna jambo. Mama yake hakuwa mtu wa kukaangia watu mayai. Pale kijijini Bisibo alijulikana kwa mambo mawili tu: mdomo wake na gongo yake, na wanywaji walikuwa hawajakubaliana ni kipi kikali zaidi.

"Kula, baba," alimwambia, kwa upole ambao kijana hakuwa ameusikia tangu Leonidas, mume wa nyumba hiyo, aende machimbo ya dhahabu, apate mke mwingine na kuisahau njia ya kurudi. "Ukimaliza teremka bondeni, ukachochee moto. Mimi leo mgongo unaniua."

Bondeni, kando ya kijito, katikati ya migomba, ndiko ulikofichwa mtambo: pipa, mrija wa shaba na beseni la maji ya kupozea. Deodata hakuwa anamruhusu mtu kuugusa. Mwaka uliopita alikamatwa nao, hakimu akamwachia kwa onyo kwamba akirudia ni jela, asilete habari za watoto. Tangu hapo alipika peke yake, kwa kunyatanyata. Leo anamtuma Elick! Lakini kijana wa miaka kumi na sita aliyeshiba mayai haulizi maswali mengi. Akateremka.

Moto ulikuwa ndiyo kwanza unashika aliposikia majani makavu ya migomba yakivunjika. Askari wawili, na nyuma yao Gervasi, mwenyekiti wa kitongoji. Elick aliinuka, ukuni ungali mkononi.

"Shikamooni," alisema, maana ndilo neno pekee lililokuja.

Askari mmoja akamkamata ukosi.

Walimpandisha hadi nyumbani, pipa likibebwa nyuma yake. Deodata alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mchanga mgongoni, na Suzan, binti yake wa darasa la kwanza, ameshika upindo wa khanga yake. Mkononi alikuwa na mfuko. Ndani ya mfuko kulikuwa na sweta ya Elick iliyokunjwa vizuri, kandambili na kipande cha sabuni.

Elick aliutazama ule mfuko. Hakuna mtu aliyetangulia kuja kumpa mama habari. Sasa uliandaliwa saa ngapi?

"Mtambo wa nani huu?" aliuliza mkubwa wa wale askari.

"Wa huyu," Deodata akasema, kidole kimenyooka kwa mwanawe. "Nimemkanya mpaka nimechoka, afande. Hasikii."

Hata kope haikumcheza. Elick alishtuka mpaka akasahau kulia. Amewahi kutukanwa na mama huyu, amewahi kupigwa na mwiko mbele ya wateja, lakini hili hakulidhania kabisa.

Deodata akamsogelea kumkabidhi mfuko, akamnong'oneza: "Nyamaza hivyo hivyo. Gervasi alinidokeza jana. Wakimkosa mtu leo, kesho watarudi, wakimpata wataniacha nipumue. Wewe mtoto, na mtoto hafungwi. Utachapwa, utarudi. Mimi wakinipeleka, huyu wa mgongoni atanyonya nini?"

Mtoto hafungwi! Sheria hiyo Deodata aliisikia kilabuni, kwa mawakili waliokuwa wameegemea ukuta ili wasianguke. Na si yeye peke yake. Akina mama wengi wa kule bondeni waliwasimamisha watoto wao mitamboni kwa imani hiyo hiyo.

"Kitambulisho unacho?" askari akauliza.

Mkono wa Elick ukaenda wenyewe mfuko wa nyuma wa suruali, kama uendavyo kila askari wa barabarani wanapomsimamisha akiwa kwenye pikipiki. Alikuwa ameshakitoa alipoiona sura ya mama yake ikibadilika.

"Miaka kumi na tisa," askari akasoma. "Mtu mzima huyu. Mpakieni."

Njia ya mwongo ni fupi. Deodata ndiye aliyempeleka Elick kuandikishwa kitambulisho, akaapa kwamba ametimiza umri, na chozi akalidondosha, ili kijana apate kuendesha bodaboda. Elick alitamba na ile kadi kijiweni kama aliyeoa.

"Hapana!" Deodata alipiga kelele. "Ana kumi na sita! Nilidanganya mimi, afande, nilidanganya!"

Askari alimgeukia taratibu. "Ulidanganya kwenye umri. Na kwenye mtambo je?"

Gervasi alikuwa anakagua viatu vyake. Elick, mguu mmoja juu ya gari la polisi lililokwisha kuletwa mlangoni, alimtazama mama yake usoni.

"Mama, sema."

Deodata akakaza fundo la mbeleko. Suzan akafumbua mdomo ili aseme yeye. Kabla neno halijafika, kiganja cha mama yake kilikuwa kimeuziba.

Elick akakiona kile kiganja, na macho ya mdogo wake juu yake, yamekodolewa, yamejaa maji. Hasira ilimpanda, na huruma ikapanda pamoja nayo, akashindwa kuzitenganisha.

"Mtambo ni wangu, afande," alisema. "Twendeni."

Akapanda mwenyewe, akakaa. Na kabla dereva hajawasha gari, alimsikia mama yake nyuma akishusha pumzi.