Tangazo la Dakika Arobaini

Kwenye karakana ile ya kushona sare walimwita Kamusi, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa karani wa meneja, mwanamke wa makamo, na kila aliyekwama kwenye barua, iwe ya kuomba ruhusa au ya kumbembeleza mchumba, alimkimbilia yeye. Kabla ya kupandishwa ofisini alikuwa ameshona miaka tisa kwenye ukumbi uleule wa chini.

Jumanne asubuhi meneja alimwita, akafunga mlango.

"Dada, niandikie tangazo. Kuanzia kesho mapumziko ya mchana ni dakika ishirini, si saa nzima. Oda imetuzidi."

Mdogo wake Kamusi alikuwa kule chini, mashine ya tatu kutoka dirishani, akipachika kola. Alikuwa na mtoto wa miezi minne kwa mama yao, na kila saa sita alichomoka mbio kwenda kumnyonyesha. Robo saa kwenda, robo saa kurudi.

"Niandike 'tumepunguza'?" aliuliza, sauti kavu.

"Ukisema kupunguza watauliza kiasi gani."

"'Tumefupisha'?"

"Hilo la suruali."

"'Tumebana'? 'Tumefinya'? 'Tumekata'?"

"Unataka waandamane? Si wewe ndiye Kamusi? Nipe neno laini, linaloteleza." Alitazama dari, kisha akatabasamu. "Andika 'tumeboresha'. 'Uongozi umeboresha ratiba ya mapumziko.' Safi kabisa. Gonga mhuri, ubandike kabla ya saa sita."

"Bosi, kuboresha si kupunguza."

"Nani kakuuliza?"

Alirudi mezani kwake, akaandika neno lile, akalifuta. Akaliandika tena, akalifuta tena. Alikumbuka fundi mmoja wa zamani aliyekuwa akikata vitambaa vya wateja, kipande anaficha chini ya meza, halafu anawarudishia nguo inayowabana huku akiwasifu kwamba imewakaa. Mafundi wenzake walikuwa na neno la kitendo kile, na halikuwa kuboresha. Maana yake ni kupunguza vilevile, ila ni kumpunguzia mtu haki yake huku unamchekea.

Kamusi alichapa: "Kuanzia kesho, uongozi utawapunja wafanyakazi dakika arobaini za mapumziko ya mchana." Akagonga mhuri kwa nguvu mpaka kikombe kikaruka.

Akaibandika karatasi ile ubaoni kabla ya saa sita. Mkata vitambaa, baba mmoja mwenye sauti ya kupasua bati, aliisoma kwa wote. Kwanza walicheka. Alipofika kwenye dakika arobaini, kicheko kikafa. Mashine zikazimwa moja baada ya nyingine.

Meneja alishuka ngazi mbilimbili.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mimi," alisema Kamusi.

"Nilikwambia uandike kuboresha!"

Ukumbi mzima ulimsikia. Hapo ndipo meneja alipojimaliza mwenyewe.

"Bandua!"

"Sibandui. Kama una neno jingine linalosema ukweli, litaje hapa mbele ya watu. Nitalichapa sasa hivi."

"Tume..." alianza meneja. "Tume..."

"Msaidieni jamani," alisema mkata vitambaa. "Bosi kakwama."

Kengele ya saa sita ililia. Mdogo wake Kamusi alivua aproni, akapita mbele ya meneja bila kuinamisha kichwa. "Naenda kumnyonyesha mwanangu," alisema. "Saa saba nitakuwa hapa."

Kesho yake kengele ya kurudi kazini ililia baada ya dakika ishirini. Hakuna aliyeshika kazi. Walikaa mbele ya mashine zilizolala, mikono mapajani, hadi saa saba kamili. Alhamisi wakafanya hivyohivyo, na Ijumaa pia. Jumatatu tangazo jipya likabandikwa, mstari mmoja tu: mapumziko ni saa moja. Hapakuwa na samahani wala maelezo.

Kamusi hakusalimika. Siku hiyohiyo alipewa barua kwamba nafasi ya karani imeondolewa na atarudi kushona. Meneja alikuwa ameiandika mwenyewe. Kamusi aliisoma amesimama, akachukua kalamu nyekundu, akasahihisha makosa saba, akamrudishia.

"Ichape upya," alimwambia. "Siwezi kutunza barua chafu namna hii."

Kisha akashuka chini. Mdogo wake alikuwa ameshamvutia kiti kwenye mashine ya nne. Mishono ya kwanza ilimwendea upande, akaifumua. Akaipiga upya, ikanyooka.

"Ofisi utaikosa, dada?" mdogo wake alimnong'oneza.

"Nitakosa feni tu," alisema, na akakanyaga pedali.