Nathanaeli Hakuwapo Ghalani

Jumapili ya pili ya Februari, mwaka 1959, watu sita walibatizwa katika kijito kilicho chini ya Wawi. Kila mmoja alivua nguo zake kuukuu nyuma ya migomba, akazamishwa, akatoka na kuvishwa kanzu nyeupe. Desturi ya misheni ile ilikuwa kuzichoma nguo zilizovuliwa pale pale ukingoni, kabla watu hawajaondoka. Siku hiyo kuni zilikuwa mbichi na mwalimu wa dini alikuwa na njaa. Akasema zitachomwa kesho.

Wa mwisho alikuwa Shaame, mchumaji karafuu, ambaye babu yake aliletwa Pemba kutoka bara kwa nguvu. Mwalimu alimpa jina la Nathanaeli, mtu ambaye ndani yake hamna hila. Nathanaeli alipokwisha kupanda kilima, Shaame naye akatoka majini, akavaa kaptura yake na shati lake la kazi, akamfuata kwa nyuma. Waliokuwa njiani waliwaamkia wote wawili. Mwalimu alipoulizwa alisema jambo hilo hutokea nguo zisipochomwa, na kwamba si la kuhofia.

Nyumbani, Mwanawema, mke wao, aliwapikia muhogo. Nathanaeli alikula vizuri, akaimba, akalala fofofo. Ngozi yake ilikuwa laini, na kovu la moto lililokuwa mkononi halikuwapo tena. Lilikuwa kwa Shaame, aliyekaa barazani akikohoa. Mwanawema alimtandikia jamvi huko huko nje, maana hakujua amweke wapi.

Kovu hilo kila mtu pale kijijini alijua limetoka wapi. Miaka mitatu nyuma ghala la mwenye shamba liliungua na karafuu zote, na Shaame akaapa mbele ya hakimu kwamba alimwona jirani yake, jina lake Mmanga, akikimbia na kienge cha moto. Mmanga akafungwa miaka saba Unguja. Watu walijua kuwa aliyesinzia ghalani na sigara ni Shaame mwenyewe. Walinyamaza kwa sababu Mmanga alikuwa hapatani na mwenye shamba, na msimu wa kuchuma ulikuwa karibu. Ni aibu, na aibu hiyo ni ya kijiji kizima.

Jumanne asubuhi Kazija, mke wa Mmanga, alipiga hodi. Barua ilikuwa imefika kutoka gerezani kwamba mumewe anatema damu. Naye alikuwa amesikia kuwa aliyebatizwa hasemi uongo. Hakuwa na tumaini jingine.

"Bwana Shaame," alimwambia Nathanaeli, "mie sikuja kugombana. Twende kwa hakimu ukaseme kweli tu, mume wangu arudi. Kama ni kufa, afie kwake."

Nathanaeli alilia naye, machozi ya kweli. Kisha akafumba macho akaitafuta moyoni mwake ile siku ya moto, akaitafuta mpaka jasho likamtoka, asiione.

"Dada Kazija, mimi sikuwapo ghalani. Ningalikuwapo ningalisema. Aliyekuwapo ni yule pale nje."

Hakuwa akidanganya, na hilo ndilo lililokuwa baya. Kazija akamwendea Shaame kule barazani.

"Weye je?"

"Ni mie," alisema Shaame. "Nlisinzia na sigara. Nkamtaja Mmanga kwa kuwa nlijua ntasadikiwa. Twende, Bi Kazija. Twende sasa hivino."

Walikwenda mjini kwa miguu. Shaame alimweleza karani wa korti yote, akamwonyesha kovu. Karani, kijana mwenye adabu, aliandika mistari minne, akauliza jina, kisha akafungua orodha ya waliobatizwa, iliyoletwa na misheni siku ya Jumatatu. Mwalimu, kwa kuyafuata mafundisho yake neno kwa neno, alikuwa ameandika mbele ya jina la Shaame: amekufa, amezikwa majini.

"Ushahidi wa marehemu hatuupokei, mzee wangu," alisema karani. "Lau ungalikuja Jumamosi."

Akaitwa Nathanaeli. Alifika kesho yake bila kusukumwa, akaishika Biblia, akaapa kwamba hajapata kuingia ghala lile. Hakimu aliutazama mkono wake usio na alama, akaandika kuwa ni shahidi mwaminifu.

Kazija alimwendea mwalimu, akamsihi alifute lile neno.

"Bibi," alisema mwalimu, "nikiandika kwamba Shaame yu hai, nitakuwa nimemrudisha Nathanaeli utumwani." Alisema hivyo kwa uchungu, na wiki nzima hakula vizuri.

Mmanga alikufa mwezi wa Mfunguo Tatu, akazikwa huko huko Unguja. Siku ya hitima Nathanaeli alikuja kutoa rambirambi, na watu wakampisha, maana alikuwa mtu mwema. Kwa kweli alikuwa mtu mwema. Shaame alishinda uani akipasua kuni.

Kazija alikuwa ndani ya eda, haonani na wanaume wa kando, lakini Shaame aliruhusiwa kuingia kwa kuwa ni marehemu. Alipiga magoti akaomba msamaha. Kazija alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nkusamehe weye, kisha iwe nini?" alisema. "Weye hata jela hawakutaki. Na yuno Nathanaeli watu wanaomtaka, yeye hana la kusamehewa."

Kisha akamwomba atoke, kwani alitaka kulia.