Ngamia wa Kidato cha Nne

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Januari, saa ya chai, mwalimu wa hesabu alipotupa godoro lake juu ya lori la mbuzi, akaondoka Eldas, kule kaskazini, kurudi Kenya. Ndivyo watu wa huko wanavyosema, kurudi Kenya, utadhani wao wako nchi nyingine. Na huenda wako. Wakubwa walimpa uhamisho kwa ajili ya usalama wake. Usalama wa waliobaki haukupewa uhamisho.

Yarrow, mchunga ngamia, aliliona lori likipita, akatema mate. Mkewe Rahmo alikuwa amefariki kwa uzazi, mlangoni pa zahanati yenye rangi mpya na kufuli jipya. Ndiyo maana binti yao Kaaha, wa kidato cha nne, alitaka kuwa muuguzi. Na chuo cha uuguzi kilitaka hesabu.

Mwalimu mkuu, Daud, alikuwa mtu wa historia. "Niulize vita, Kaaha," alimwambia. "Hesabu ilinikimbia hata mimi."

Madaftari yalipojaa, Kaaha alichukua ubao aliosomea Kurani utotoni, akaandika kwa wino wa mkaa swali la mabomba mawili yanayojaza tangi. Akalikodolea macho hadi magharibi. Lilipomshinda, akauosha ubao ndani ya bakuli. Yarrow hakujua kusoma, lakini adabu aliijua: maji yaliyoosha ubao ule hayamwagwi mahali pa kukanyagwa. Alidhani ni aya. Akasema bismillahi, akamnywesha ngamia wake jike aliyekuwa na kikohozi.

Asubuhi kikohozi kilikuwa palepale. Ila ubavuni, panapochomwa alama ya ukoo, palikuwa na alama nyingine, zimepona kama za miaka mingi.

"Ngamia ni yangu, alama si yangu," Yarrow alisema. "Kesho watu watasema nimeiba."

Kaaha akasogea, akasoma, akamgeukia baba yake. "Si ukoo, aabo. Ni mabomba. Tangi linajaa kwa saa sita."

"Tangi gani? La hapa halijaona maji tangu walizindue."

"La kwenye kitabu."

"Aha. La kwenye kitabu linajaa."

Ikawa hivyo. Jioni swali, asubuhi jibu na hatua zake zote. Leo logi, kesho pembetatu. Darasa zima likahamia malishoni, likimfuata ngamia na kalamu mkononi.

"Waryaa, wewe Keinan, toa kichwa, unaziba mlinganyo."

"Mwambie asimame basi."

"Mwambie wewe. Si ni mwalimu wako?"

Shida ilikuwa moja. Kaaha alipouliza hatua ya tatu imetoka wapi, ngamia alicheua. Msichana alinakili kurasa na kurasa, na kichwani hakikuingia kitu.

Yarrow alimwendea chifu kuomba mwalimu wa kueleza, chifu akampigia simu afisa wa elimu, na afisa akaja kwa gari lenye vioo vilivyofungwa. Alimzunguka ngamia, akafuata hatua kwa kidole, akaridhika.

"Anafundisha kidato gani?"

"Cha nne," alijibu Yarrow, akimwita mjomba kwa heshima. "Lakini adeer, hii ni mnyama. Anajibu, haelezi."

"Mzee, nimeajiri wangapi ambao hawaelezi? Na hao huomba uhamisho. Huyu ataomba?"

Akamwambia Daud aache kuandika maombi ya mwalimu wa hesabu, maana nafasi imejazwa. Yarrow akaielewa hesabu ya serikali: ikikukuta umejitafutia kijiti cha kujikongojea, inaandika kwamba mguu umepona.

Novemba ukaja mtihani. Askari wa lango hakumruhusu ngamia kuingia, na sheria ilikuwa upande wake. Kaaha alikaa mbele ya swali la kwanza hadi karatasi zikakusanywa. Matokeo yalipotoka, alikuwa na E. Keinan naye E, na wengine vivyo hivyo. Kaaha alitia vitabu kwenye gunia, akashika fimbo ya kuchungia. Watu wakaanza kupita nyumbani kuuliza habari za posa.

Kisha afisa akarudi, safari hii amenuna. Hakumtazama Kaaha. Alisimama mbele ya ngamia, chifu pembeni yake, wazee nyuma.

"Wanafunzi wako wote wamefeli," alimwambia. "Jieleze."

Ngamia akatafuna.

"Anakudharau," alisema Keinan.

Afisa akangoja. Chifu akatazama viatu vyake. Yarrow, aliyeshika kamba, alimwacha angoje mpaka jasho likamtoka, kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia:

"Ngamia yangu umeiuliza. Wewe, adeer, huulizwa na nani?"