Karata Ndani ya Faili

Isaac alikuwa mtu asiyeamini kitu mpaka ajaribu kukivunja. Mkate wake aliupata kwa kutengeneza kompyuta mjini Tororo, lakini kazi aliyoipenda hasa ilikuwa ile ya bure: kujaribu programu huria ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta. Watu wa nchi za mbali waliiandika, yeye akaitafutia makosa. Msimu ule walikuwa wakijaribu jambo moja: kuichukua ile kompyuta ya ndani ikiwa macho, na kila inachokikumbuka, kuimimina yote katika faili, kisha kuiamsha mahali pengine iendelee palepale ilipoachia. Alimweleza mkewe Resty kwamba ni kama kumhamisha mtoto aliyelala kwenda kitanda kingine bila kumwamsha. Resty akasema mtoto wa namna hiyo hajamzaa yeye.

Sasa basi, wazazi wa Resty, Mzee Laban na Mama Benedeta, walikaa Busia, na walikuwa na ugonjwa wao: karata. Isaac ndiye aliyewawekea mchezo wa zamani ambao kompyuta mpya zinaukataa, ndiyo maana ukawekwa katika kompyuta ya ndani. Kila jioni mmoja akicheza, mwenzake anageukia ukuta asione mkono wa mwenziwe. Mwenye saba ya kopa ana ruhusa ya kukata mchezo zamu yake ikifika, na akikata ameshinda, hadithi imekwisha. Mchezo ule haukujua kuhifadhi chochote, ukiuzima, umekufa. Kwa hiyo hawakuuzima. Mchezo wao wa mwisho ulijivuta wiki baada ya wiki bila saba kuonekana, na Benedeta akaapa imejificha chini kabisa ya furushi la kuokotea karata.

Zamu ilikuwa ya Laban siku kiharusi kilipompiga.

Hospitali ya Tororo ikamtibu, ikataka arudi kila mara kufanyishwa mazoezi, ikawa hakuna njia ila akae kwa bintiye Resty, huko Rubongi karibu na mji. Mkono wa kushoto ulipona. Ulimi haukusema kitu. Daktari aliwaambia wazi kwamba hajui akili yake imebaki kiasi gani, na wao hawakujua pia, kwa maana aliwatazama wote sawasawa, mke, mtoto na kikombe cha chai. Na Benedeta, maskini, hakuweza hata kulala karibu naye. Wasamia, watu wa kabila lao, hawana mchezo katika hilo: mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Alikuja asubuhi, alirudi Busia jioni, kila siku. Alileta karata za mkononi, Laban akageuza uso.

“Hataki nyingine,” Benedeta alimwambia bintiye. “Anataka ile yetu. Kama akili iko, iko pale.”

Resty akampelekea mumewe maneno hayo. Tena betri ya sola iliyoilisha kompyuta kule Busia ilikuwa imeanza kulia. Isaac hakulala vizuri. Mashine alizozoea kuzijaribu zilikuwa za kuchezea. Zikifa, unacheka, unaandika kosa, unaanza upya. Hii ilibeba mkono wa karata ambao hakuna mtu mwingine duniani aliyeujua ila mzee asiyesema.

Akaenda Busia. Na hapo ndipo shida ilipokaa: kompyuta ilikuwa chumbani kwa Benedeta, ilikohamishwa pamoja na betri yake kwa kuogopa wezi. Mkwe kuingia chumba cha mama mkwe! Afadhali mzee afe kimya kimya, wazee wa ukoo wangesema. Isaac akasimama uani nyuma ya ukuta, Benedeta akakaa ndani, wakaongea kwa simu pakiwa na hatua chache tu baina yao.

“Mama, andika kama ninavyokutajia. Pole pole.”

“Naandika, Baba Mangeni.”

Mangeni ni mtoto wa Isaac. Jina la mkwe halitamkwi ovyo. Benedeta aliandika amri herufi kwa herufi, akaambiwa achomeke flashi, akachomeka. Baada ya muda Isaac akauliza kama imemaliza.

“Imemaliza vizuri sana.”

Mtu mwingine angeshukuru Mungu akaondoka. Isaac alikuwa na sheria moja: usizime ya zamani kabla mpya haijaamka mbele ya macho yako. Flashi ikatolewa dirishani, akaichomeka kwenye kompyuta yake ya mkononi, akaliamsha lile faili. Skrini ikabaki nyeusi tii. Akajaribu tena. Nyeusi.

“Mama, hakuna maneno yoyote yaliyotokea?”

“Yalitokea. Mekundu.”

“Yakasema nini?”

“Nikayafunga. Wewe umetoka mbali, mkwe wetu, unafanya kazi kwa jua. Nianze kukupa habari mbaya?”

Isaac akaegemea ukuta, akacheka kwa uchungu. Flashi ilikuwa ya mtindo wa kale usiopokea faili kubwa. Ilimeza nusu, ikagoma, ikasema wazi kuwa imegoma, na adabu ikaficha. Alimpenda mama yule saa ile kuliko siku zote, na akajua kwamba kwa adabu namna hiyo hawatafika. Lazima aone skrini mwenyewe.

Wakajadiliana. Benedeta akasogeza meza mpaka dirishani, akatundika shuka nyuma yake kitanda kisionekane, akapitisha kibodi kati ya nondo, kisha akaenda zake jikoni. Isaac akafanya kazi amesimama nje, waya mrefu ukiunganisha kompyuta mbili kupitia dirisha, kuku wakimpita miguuni. Mara hii faili lilitoka zima. Akaliamsha kwenye kompyuta yake, na meza ya karata ikatokea, ya kijani, ikisema zamu ni ya mchezaji wa kwanza.

Lakini meza si mchezo. Bila kuilinganisha mikono yote miwili, hapa na pale, atakuwa hajajaribu kitu.

“Mama,” akaita kwa simu, “lazima mtu afungue mkono wa mzee ahakikishe.”

“Si mimi. Miaka yote sijamchungulia, nianze leo akiwa hawezi kunigombeza?”

“Basi mimi.”

Benedeta akafikiri. “Wewe sawa. Lakini usiniambie. Hata ukiona nini.”

“Siwezi kukuambia, mama.”

Akafungua wa Benedeta kwanza: sawa, karata kwa karata. Akafungua wa Laban. Sawa pia. Na pale pembeni kabisa, hapa na kwenye kompyuta yake vilevile, ilikuwa imekaa saba ya kopa.

Akaitazama muda mrefu. Mzee huyu angekata wakati wowote. Jioni ngapi ameiruka, akaokota karata asiyoihitaji, akamsikiliza mkewe akilaani furushi. Isaac akafuta macho kwa mkono wa shati, akafunga mikono yote.

“Iko sawa, mama. Unaweza kuzima hiyo.”

Alimsikia akirudi nyuma ya shuka, akakaa bila kugusa kitu. “Na ile yako ikikataa?”

“Imeshaamka. Nimeiona.”

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Benedeta alimfanya aape mara mbili ndipo akazima.

Kesho yake asubuhi, Rubongi, Resty aliweka kompyuta juu ya kimeza kando ya kitanda. Isaac alibaki kizingitini nyuma ya kichwa cha mzee, mbali na mama mkwe, ambaye tayari alikuwa amegeukia ukuta, mgongo umenyooka kama kawaida yao. Laban akaiona ile meza ya kijani. Hakufanya kitu. Resty akajiziba mdomo.

Ndipo mkono wa kushoto ukatambaa mpaka kwenye kipanya. Akafungua karata zake. Kishale kikapita juu yake moja moja, kikafika kwenye saba ya kopa, kikasimama. Mzee akageuza kichwa taratibu kuuangalia mgongo wa mkewe. Kisha kishale kikaondoka pale, kikaenda kwenye furushi, kikaokota karata. Akafunga mkono wake haraka, kama mtu anayeficha kitu, na ulimi uliokuwa umelala ukajivuta.

“Za... zamu yako.”

Benedeta hakugeuka upesi. Mabega yake yalitikisika kwanza. Alipokaa kwenye kompyuta alikuwa amekwisha kujifuta uso, akachungulia karata zake, akanuna.

“Bado saba haionekani,” akasema. “Resty, mwambie Baba Mangeni faili lake limeiangusha njiani. Busia ilikuwepo.”

Resty akamgeukia mumewe kizingitini. Isaac, aliyewahi kubishana na watu wa nchi za mbali kwa wiki nzima juu ya kosa dogo lisilo lake, alikuwa ameliona faili lile kwa macho yake, zima, bila kukosa hata karata moja. Kwenye mto Laban alikuwa amegeuza kichwa akimkodolea macho, nusu ya mdomo iliyopona ikianza kucheka.

“Mwambie mama pole,” Isaac akasema. “Kosa ni la programu. Tutalitafuta.”