Usimfikirie Baba Mlimani

Mwaka ule Kocha alipata ufunuo kwamba mbio ndefu hukimbiwa na kichwa, na kwamba miguu ni wapagazi tu. Basi kila alasiri, wenzetu wakicheza mpira, sisi wa mbio ndefu tulilazwa chali bwenini, macho tumefumba, tukakimbia kitandani. Kocha alipita katikati ya vitanda akitangaza njia kwa sauti ya mazishi.

"Mmetoka getini. Mmepita mashine ya kusaga. Koo limekauka. Sasa mlima wa matofali."

Rafiki yangu Kijiko, aliyepewa jina hilo na wembamba wake, kwa kawaida alianza kukoroma kabla ya mashine. Akiamshwa husema, "Mimi nimeshamaliza, Kocha. Nawasubiri."

Mlima huo wa matofali, uliopita kando ya kiwanda chake, ndio uliotumaliza kila mwaka. Kocha akataka kila mtu achague kitu kimoja cha kufikiria pale miguu inapogoma. Kijiko alichagua wali. Mimi, niitwaye Askofu kwa kuyaombea maharage ya shule yalale mahali pema, nilimchagua baba.

Baba alikuwa hospitalini, mapafu yamemgeuka. Likizo nilikaa kando ya kitanda chake nikimsikiliza anavyohema: pumzi ndefu, kituo, pumzi ndefu tena. Mlimani nilikanyaga kwa mwendo huo. Nikajiaminisha, kwa ushirikina ambao ningemcheka mtu mwingine yeyote, kwamba nisiposimama mimi, na yeye hasimami.

Asubuhi ya mashindano nilimimina uji katika kiatu cha kiranja wa bweni, kama ilivyo ada, nikakaa tayari kupokea adhabu yangu kwa unyenyekevu. Kiranja aliuchomoa mguu, akautazama, akanitazama.

"Pole, mdogo wangu," akasema, akaenda kunawa.

"Huyu anaumwa?" nikamuuliza Kijiko.

"Kula," akajibu, akanisogezea yai lake.

Kijiko! Mtu ambaye angeuza ukoo mzima kwa nusu yai.

Kwenye mstari wa kuanzia, Kocha alipiga goti akanifunga kamba za viatu mwenyewe.

"Askofu, leo mlimani usimfikirie baba yako."

"Nimfikirie nani?"

"Tofali."

"Tofali, Kocha?"

"Tofali lolote." Hakuinua uso. Filimbi ikalia.

Hadi mashine ya kusaga nilikuwa naongoza. Mlima ulipoanza nikalijaribu tofali, kwa utii. Halikukaa. Badala yake vilikuja uji, yai, na ule utosi wa Kocha ulioinama juu ya viatu vyangu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Muhula mzima mtu yule alitufundisha kuficha hofu kichwani, na yeye mwenyewe alishindwa kuficha kifo kimoja usoni.

Bweni zima lilijua. Walikuwa wananitunzia kichwa mpaka nimalize.

Ningeweza kusimama. Lakini nilipiga hesabu yangu: hakuna aliyeniambia bado, na hakuna atakayeniambia kabla sijavuka utepe. Baba ambaye mwanawe hajaambiwa bado ni mgonjwa tu. Nikapunguza mwendo.

Kijiko akanifikia. "Vipi, mbavu zimekubana?"

"Usiseme kitu."

"Sijasema."

"Usiseme, Kijiko."

"Haya. Tukimbie tu."

Naye akapunguza. Wakatupita wengine, mmoja mmoja. Kijiko alilia bila sauti njia nzima, jambo ambalo Kocha alikwishatuonya kuwa huharibu pumzi.

Nyuma ya utepe alisimama baba mdogo, mdogo wake baba, amevaa koti lake jeusi, ameshika begi langu likiwa limeshafungwa. Nilivuka mstari nikampita. Nikakata uwanja, nikatokea geti la nyuma. Watu wakapiga makofi: Askofu na vituko vyake!

"Mwanangu! Ngoja!" Viatu vyake vya ngozi vilinifuata vikipiga lami, pa, pa, pa, kisha vikanyamaza.

Nikageuka. Alikuwa ameketi ukingoni mwa mtaro, begi mapajani, jasho limelowesha ukosi. Nikarudi, nikasimama mbele yake.

"Lini?"

"Juzi jioni."

"Mmeshamzika?"

"Tungemzikaje bila wewe?"

"Nani alisema nisiambiwe?"

"Mwalimu wako aliomba. Nami nikakubali." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Nilidhani ungependa kushinda."

"Nimekuwa wa ngapi?"

"Sijui, baba. Sikuhesabu."

Nikamvuta mkono akasimama, nikalitwaa begi. Tukaenda kituoni kwa miguu, polepole, kwa maana yeye hakuwa na mazoezi.